Kuendelea au Kulinda Heshima: Tahakiki ya Mjadala wa Bendi Kongwe za Dansi kwa Mizani ya Ngoma za Kibiti na Delta ya Rufiji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hoja kwamba bendi kongwe inayojikusanya upya, baada ya kuvunjika au kufiwa na waasisi wake, inapaswa kuacha jukwaa ili ilinde heshima yake. Bendi zinazorejelewa ni Msondo Ngoma, Mlimani Park Orchestra, Cuban Marimba na Super Volcano. Kwa kutumia dhana ya upeo wa matarajio na mtazamo wa utendaji katika fasihi simulizi, makala yanaonesha kwamba hoja hiyo huichukulia bendi kana kwamba ni rekodi, ilhali bendi hizi zilijinasibisha na ngoma. Makala yanapendekeza vigezo vitatu vya kuhukumu kurejea kwa bendi: urithishaji, utunzi mpya na haki ya watunzi.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa dansi nchini Tanzania, kuna swali linalojirudia kila bendi kongwe inapotangaza onesho. Je, kundi ambalo waasisi wake wengi wamefariki, na ambalo limewahi kugawanyika na kuungana tena, lina haki ya kuendelea kutumia jina lake? Upande mmoja hudai kuwa sauti zilizochoka huchafua kumbukumbu ya sauti zilizokuwa bora. Upande wa pili hudai kuwa msanii hastaafishwi na msikilizaji.

Mjadala huu haupo Tanzania pekee. The Beatles waliachana mwaka 1970 na hawakurudi tena kama kundi. Led Zeppelin ilijivunja mwaka 1980 baada ya kifo cha mpiga ngoma wake, John Bonham. Desemba 2007 ilirudi jukwaani London kwa onesho moja kubwa, na Jason, mtoto wa marehemu, akakaa kwenye ngoma za baba yake. The Rolling Stones, iliyoanza mwaka 1962, haikuacha kabisa. Mifano ya namna hii ndiyo inayotumiwa mara nyingi kama mizani hata bendi inayopimwa inapokuwa ya Dar es Salaam au Morogoro. Tatizo linaloshughulikiwa hapa ni kwamba mizani hiyo imeazimwa bila kukaguliwa.

Eneo la Kibiti na delta ya Rufiji limeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni sehemu ya ukanda wa pwani kusini mwa Dar es Salaam ambako ngoma za jando na unyago zimekuwa na nafasi kubwa katika maisha ya Wandengereko, Warufiji na jirani zao. Ngoma hizo zina undugu na zile zilizozipa bendi kongwe majina ya mitindo yake. Pili, ni eneo ambalo wasikilizaji wake wengi walizijua bendi hizo kwa redio kabla ya kuziona kwa macho. Sababu zote mbili zinagusa kiini cha mjadala.

2.0 Misingi ya Kinadharia

Tahakiki hii inaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni dhana ya upeo wa matarajio iliyoasisiwa na Hans Robert Jauss katika Nadharia ya Mapokezi. Kwa mujibu wa dhana hiyo, hadhira huipokea kazi ya sanaa ikiwa tayari na matarajio yaliyojengwa na kazi zilizotangulia, na thamani ya kazi hupimwa kwa jinsi inavyoyatimiza, kuyavunja au kuyapanua matarajio hayo. La pili ni mtazamo wa M. M. Mulokozi kuhusu fasihi simulizi, unaoiona kazi ya sanaa simulizi kuwa ni tukio linalowaunganisha fanani, hadhira, mahali na wakati. Kwa mtazamo huu, kazi huwapo pale inapotendwa.

Mawazo haya mawili hayapatani moja kwa moja. Jauss alianzia kwenye matini ya fasihi andishi, ambayo hubaki ileile wakati wasomaji wanabadilika. Mulokozi anaanzia kwenye utendaji, ambao hubadilika pamoja na watendaji wake. Bendi ya dansi iko katikati: ilitenda ukumbini, na pia ilirekodiwa. Mjadala wa heshima ya bendi kongwe unatokana na hali hii ya kati.

3.0 Neno “Zilipendwa” na Kinachofichwa Nalo

Nyimbo za bendi hizi huitwa “zilipendwa”. Neno hili linastahili kuchunguzwa kabla ya bendi zenyewe. Kiambishi -li- kinaweka pendo katika wakati uliopita na kulifunga huko. Mzungumzaji hakusema “zimependwa”, kauli ambayo ingeruhusu hali hiyo iendelee hadi sasa. Aidha, kiambishi zi- kinaweza kurejelea nyimbo, na kinaweza vilevile kurejelea bendi, kwa kuwa nomino zote mbili zina upatanisho mmoja katika wingi.

Utata huu una athari katika uhakiki. Mtu akisema nyimbo zilipendwa, anatoa maelezo kuhusu historia ya mapokezi. Akihamisha kauli hiyo kwa bendi, anatoa hukumu kwamba watendaji walio hai ni mabaki ya wakati mwingine. Wahakiki wengi wanaoishauri bendi kongwe ipumzike huanza na maana ya kwanza na kumalizia na ya pili bila kuonesha hatua iliyowafikisha huko.

4.0 Bendi Nne na Njia Zake

Historia ya bendi zenyewe haitoi jibu moja. Morogoro inatoa jozi inayofaa kulinganishwa. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, alifariki mwaka 1965. Bendi iliendelea chini ya Juma Kilaza, ambaye hakujifanya kuwa Salum Abdallah. Alitunga na kuimba nyimbo zake, na jina la Cuban Marimba likapata maisha ya pili. Mbaraka Mwinshehe, kwa upande wake, alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973, akaanzisha Super Volcano, na akafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Super Volcano haikurejea katika hadhi iliyokuwa nayo akiwa hai. Tofauti ya msingi ni kwamba Cuban Marimba ilipata mtunzi mwingine, ilhali Super Volcano ilikuwa imejengwa juu ya mtu mmoja.

Dar es Salaam inaonesha hali tofauti. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likafuata mabadiliko ya chama hicho: NUTA, JUWATA, kisha OTTU. Hatimaye ilibaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliwachukua waimbaji kutoka JUWATA, wakiwamo Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka. Mwaka 1985 Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar walikuwa miongoni mwa waliohamia Orchestra Safari Sound. Baadaye Gurumo alirudi katika bendi ya chama cha wafanyakazi, ambako alibaki hadi alipostaafu, na alifariki Aprili 2014.

Mtiririko huu unaleta ugumu kwa hoja ya kulinda heshima. Hoja hiyo inahitaji “kikosi halisi” ambacho kikosi cha sasa kitalinganishwa nacho. Katika Msondo na Sikinde, kikosi cha namna hiyo hakikudumu hata katika miaka ya sifa kubwa zaidi. Wanamuziki walihama, walirudi na walibadilishana bendi. Kilichodumu ni jina la mtindo na namna ya kupiga.

5.0 Redio na Upeo wa Matarajio katika Delta

Ikiwa kikosi halisi hakikuwapo, kwa nini msikilizaji huamini kuwa kilikuwapo? Jibu linalopendekezwa hapa ni redio. Nyimbo nyingi za bendi hizi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki katika maktaba ya redio hiyo. Kwa mkazi wa kijiji cha delta, kinachofikiwa kwa mtumbwi au mashua kupitia mikono ya mto na misitu ya mikoko, bendi ilikuwa sauti iliyotoka redioni ikiwa ileile kila ilipochezwa. Mwimbaji aliyekwisha kuhama bendi aliendelea kuimba ndani yake hewani, na aliyefariki aliendelea vilevile.

Hivyo kanda ilijenga upeo wa matarajio ulioganda. Bendi inapofika Kibiti kwa onesho, inashindana na kanda yake yenyewe, na katika shindano hilo kanda ina faida kwa sababu haizeeki. Msikilizaji anayesema kuwa bendi imeharibu wimbo anasema kweli kwa kipimo cha kanda. Hata hivyo, kipimo cha kanda hakitoshi kuihukumu kazi ambayo asili yake ni utendaji.

6.0 Ngoma kama Mizani Mbadala

Msondo ni ngoma ndefu ya pwani inayohusishwa na unyago. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Bendi zilipojiita kwa majina hayo zilidai ukoo fulani wa kisanaa. Jina la sifa la Msondo, “Baba ya Muziki”, linaendeleza dai hilo kwa lugha ya undugu. Ni halali basi kuzipima bendi hizi kwa kanuni za ngoma zilizojinasibisha nazo.

Katika unyago, hakuna anayeuliza kama ngoma istaafu kwa sababu kungwi mashuhuri amefariki. Swali linaloulizwa ni nani amefundwa vya kutosha kushika nafasi yake. Kungwi mpya hapati nafasi kwa kufanana sauti na aliyemtangulia. Anaipata kwa kuwa alikaa chini yake, akajifunza nyimbo, mafumbo na mpangilio wa shughuli. Kukosea kwake si kuizeesha ngoma. Ni ishara kuwa hakufundwa. Hata mahali pakibadilika, ngoma huhama na wenyewe. Operesheni ya mwaka 1968 iliyowatoa watu wengi wa bonde la Rufiji kwenye mashamba ya mafuriko na kuwapeleka vijijini ilibadili makazi yao, lakini haikufuta haja ya kuwafunda vijana.

Inaweza kupingwa kuwa ngoma haina msanii mwenye jina, na kwa hiyo hailingani na bendi. Pingamizi hili linapuuza historia ya vikundi vya ngoma mijini. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mbunge wa Rufiji hadi mwaka 1965, alijulikana Dar es Salaam kama mwimbaji wa kikundi cha Bomba kabla ya kuingia TANU. Vikundi vya ngoma vilikuwa na majina, wapinzani na waimbaji mashuhuri. Umashuhuri wa mwimbaji mmoja haukuifanya ngoma kuwa mali yake.

7.0 Mipaka ya Hoja

Mizani ya ngoma ina mipaka miwili inayopaswa kukiriwa. Mpaka wa kwanza ni wa kisheria. Wimbo wa dansi una mtunzi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda haki yake katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Bendi inayotumia jina na nyimbo za marehemu bila familia yake kufaidika haiwezi kujitetea kwa kusema kuwa ngoma ni ya wote. Katika hali hiyo, lugha ya urithi inakuwa kifuniko cha dhuluma.

Mpaka wa pili ni wa kiuchumi. Anayemshauri mwanamuziki mzee apumzike ili alinde heshima hudhani kuwa heshima hiyo inamlisha. Mwanamuziki wa Uingereza anayelipwa mirabaha kwa rekodi za zamani anaweza kukataa kurudi jukwaani bila kulala njaa. Mwanamuziki wa Tanzania ambaye kanda zake hazikuwa mali yake, na ambaye baada ya mashirika ya umma kujitoa katika bendi alibaki akitegemea viingilio vya mlangoni, hana chaguo hilo. Kwake, kuacha jukwaa ni kuacha kazi. Tahakiki isiyolitambua jambo hili inahukumu umaskini ikidhani inahukumu sanaa.

Hata hivyo, riziki peke yake si hoja ya kisanaa. Inaeleza kwa nini bendi inaendelea. Haioneshi kuwa inaendelea vizuri. Bendi inayopiga nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule, bila kijana hata mmoja anayefundwa gitaa la solo au uimbaji wa kupokezana, imeikubali kanda kuwa bwana wake. Bendi ya namna hiyo inastahili lawama, lakini kosa lake si uzee.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba swali la kuendelea au kulinda heshima limeulizwa vibaya, kwa kuwa linaichukulia heshima ya bendi kama kitu kilichokamilika ambacho kinaweza tu kubaki au kuharibika. Kwa mizani ya ngoma, heshima ya jina huwapo pale tu inaporithishwa. Kutokana na uchambuzi huo, bendi kongwe inayorejea ihukumiwe kwa maswali matatu: Je, walio jukwaani wamefundwa na waliotangulia? Je, wanatunga, kama alivyotunga Kilaza baada ya Salum Abdallah? Je, watunzi na warithi wao wanapata haki yao? Bendi inayojibu ndiyo kwa yote matatu iendelee, hata kama asilani haitafanana na kanda. Inayojibu hapana haitaokolewa na kustaafu, kwa kuwa ilikwisha kuacha kuwa ngoma kabla haijashuka jukwaani.