Watunza Daftari na Mabishano Yao

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ni ya kweli, lakini yaacha swali moja bila jibu: daftari lenyewe nalo hutunzwa na nani? Katika zama zetu madaftari makubwa ya dunia hayaandikwi tena kwa kalamu na wino. Fedha za benki, majina ya wagonjwa, alama za mitihani na hesabu za maduka zimewekwa ndani ya kompyuta, katika programu ziitwazo hifadhidata. Mwenye mali huona jina lake na hesabu yake juu ya kioo, akaridhika. Aghalabu hajui kwamba wako watu wanaobishana, mwaka baada ya mwaka, juu ya namna ya kulizuia daftari hilo lisisahau, lisichanganye wala lisiseme uongo.

Nataka, msomaji wangu, tuyapime mabishano ya kundi moja la watu hao, yaani wajenzi wa hifadhidata iitwayo PostgreSQL. Nimewachagua kwa sababu mbili. Kwanza, programu yao ni huria: mtu yeyote aweza kuichukua bila malipo, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuutumia apendavyo. Pili, hubishana kwa maandishi, na maandishi yao yamehifadhiwa wazi kwa miaka mingi. Basi yaweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki tamthilia au riwaya. Twaweza kuuliza wasemaji wanasema nini, wanathibitisha namna gani, na wapi wamepungukiwa.

Asili ya kazi hii ni Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, nchini Marekani, ambako Michael Stonebraker na wenzake walianza kuijenga mwaka 1986 kwa jina la POSTGRES. Mwaka 1994 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliipa uwezo wa kuelewa lugha ya SQL, ambayo ndiyo lugha ya kuulizia hifadhidata nyingi. Mwaka 1996 ilipewa jina lake la sasa, ikawa mikononi mwa watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Tangu hapo haina mfalme wala mmiliki mmoja. Baadhi ya wajenzi wake hulipwa na kampuni zao, wengine hufanya kwa hiari, lakini hakuna kampuni iwezayo kuamuru peke yake. Jambo likitakiwa kubadilishwa, sharti wengine washawishiwe kwa hoja.

Ili tuyaelewe mabishano yao, yatupasa kwanza kujua desturi moja ya programu hii. Mfikirie karani ambaye hafuti kamwe. Ukimwambia abadili deni la Juma kutoka shilingi 500 hadi 300, haligusi neno la kwanza. Huandika mstari mpya wenye 300, na kando ya kila mstari hutia namba ya shughuli iliyouzaa na namba ya shughuli iliyouondoa. Hivyo ndivyo PostgreSQL ifanyavyo. Faida yake ni kubwa: anayesoma hamzuii anayeandika, na anayeandika hamzuii anayesoma, kwa kuwa kila mmoja huonyeshwa mistari inayostahili wakati wake. Waasisi wa Berkeley walitaka hata zaidi ya hayo. Walitaka mtu aweze kuuliza daftari lilikuwaje siku zilizopita. Uwezo huo uliondolewa baadaye, lakini desturi ya kutofuta ilibaki.

Walakini kila faida ina gharama yake. Mistari iliyokwisha kazi hurundikana kama makapi uwanjani, na sharti aje mwenye ufagio. Zamani mwenye hifadhidata alipaswa kutoa amri ya kufagia yeye mwenyewe, na aliyesahau aliona daftari lake likivimba na kuwa zito. Kazi ya kufagia yenyewe bila kuamriwa iliingizwa ndani ya programu mwaka 2005, na tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 huwashwa tangu mwanzo bila mtu kuomba. Tazama muda uliopita! Tangu 1986 hadi 2008 ni miaka 22. Kujenga nyumba kulitangulia, na kuifagia kulikuja nyuma sana.

Tena ufagio huo una kazi nyingine iliyo kubwa kuliko usafi. Namba za shughuli nilizozitaja zina upana wa biti 32, maana yake ziko namba zipatazo bilioni 4.3, kisha hesabu hurudi mwanzo kama mshale wa saa unavyopita kumi na mbili na kuanza tena moja. Kwa kila namba, nusu ya mzunguko huhesabiwa kuwa imepita na nusu huhesabiwa kuwa haijafika. Mstari wa kale ukiachwa mpaka shughuli zaidi ya bilioni 2 zipite, utaonekana kana kwamba umeandikwa kesho, nao utatoweka machoni pa wasomaji ijapokuwa bado umo daftarini. Kwa ajili hiyo mfagiaji huipiga mistari ya kale mhuri wa kudumu, unaosema kwamba mstari huu ni wa zamani kwa watu wote. Ikiwa kazi hiyo imezuiwa na hatari imekaribia, programu hukataa kutoa namba mpya, na shughuli za kuandika husimama.

Mtu atauliza: kwa nini basi wasipanue namba hizo ziwe za biti 64, hatari ikaisha? Swali hilo wajenzi wenyewe wameliuliza mara nyingi. Wanaotaka upana wasema kwamba mashine za leo zafanya shughuli kwa kasi ambayo waasisi hawakuiota. Wanaosita wajibu kwamba kila mstari hubeba namba mbili za namna hii. Kuzipanua ni kuukuza kila mstari wa kila daftari, na watu wanayo madaftari makubwa yaliyoandikwa kwa umbo la zamani, ambayo hayawezi kuandikwa upya kwa usiku mmoja. Hata toleo la 18 la mwaka 2025 lilitoka na namba za biti 32 katika mistari yake. Badala ya kupanua, wajenzi walimsaidia mfagiaji: tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016 hakumbuki tu wapi amefagia, bali pia huzipita kurasa ambazo mistari yake yote imekwisha kupigwa mhuri.

Hukumu yangu juu ya mabishano haya ni ya pande mbili. Subira yao yastahili sifa, kwani mtunza daftari asiyesita ni mtu wa kuogopwa. Lakini subira yaweza kugeuka kuwa mazoea. Anayeikubali hatari ndani ya msimbo si yule atakayeamshwa usiku wa manane daftari likigoma kuandika. Wajenzi wamejaribu kumpunguzia mlinzi mzigo, lakini mzigo wenyewe bado umo begani mwake. Mhakiki mwadilifu hana budi kuyasema yote mawili.

Sasa tutazame kisa kilichowapima zaidi. Programu ya hifadhidata haiandiki juu ya diski kwa mkono wake. Humkabidhi mfumo unaoendesha kompyuta, kama vile Linux, kurasa zake, kisha humwuliza: je, zimekwisha kufika diskini salama? Jibu la ndiyo ndilo msingi wa ahadi yote. Kwa muda wa miaka kama 20 wajenzi waliamini kwamba mfumo ukijibu hapana, yatosha kumwuliza tena baadaye, naye akijibu ndiyo, mambo yamekwisha kuwa mema. Mwaka 2018 mmoja wao alieleza kwamba imani hiyo si sahihi. Katika Linux, uandishi ukishindikana, kosa laweza kutajwa mara moja tu. Kisha ukurasa ulioshindikana huhesabiwa kuwa safi, na swali la pili hujibiwa ndiyo, ilhali ukurasa haukufika diskini kamwe.

Penye wengi, twaambiwa, hapaharibiki neno. Kisa hiki chatufundisha tuisome methali hiyo kwa uangalifu. Msimbo ulikuwa wazi kwa watu wote, nao walikuwa wengi na hodari, lakini neno liliharibika mbele ya macho yao kwa miaka mingi. Uwazi wa maandishi hausomi maandishi. Huwaruhusu watu kusoma, lakini kusoma kwenyewe ni kazi ya mtu aliyeketi, akatilia shaka jambo ambalo wenzake wote wamelizoea.

Hata hivyo, waliyoyafanya baada ya kugundua ndiyo ninayoyasifu zaidi ya yote. Habari ile haikufichwa kwa kuchelea sifa ya programu. Walijadiliana na watu wa Linux, wakazipima njia kadhaa, na mnamo Februari 2019 wakatoa masahihisho kwa matoleo yote waliyokuwa wakiyatunza. Uamuzi wao ulikuwa mkali: jibu la hapana likija, programu isijaribu tena, bali ijiangushe kwa makusudi, iamke, kisha iandike upya kwa kufuata shajara yake, ambamo kila badiliko hutangulia kuandikwa. Uamuzi huo wamkosesha raha mwenye mashine, maana kazi yake hukatika. Lakini walichagua kuanguka hadharani kuliko kusema uongo kwa upole. Katika kazi ya daftari sijui uadilifu ulio mkubwa kuliko huo.

Lakini ziko kasoro ambazo hazijatibiwa. Iliyo kubwa ni kwamba wanaotaka kuandika ni wengi kuliko wanaotaka kusoma. Tangu mwaka 2008 wajenzi hawa wamejiwekea vipindi maalumu katika mwaka ambavyo kazi mpya husukumwa kando kidogo, watu wakazikagua kazi za wenzao. Tena anayeleta kazi yake hutarajiwa kukagua ya mwenzake. Kanuni hiyo ni njema. Lakini kazi nyingi husogezwa kutoka kipindi hiki hadi kingine kwa kukosa msomaji, na wenye ruhusa ya kuingiza kazi katika msimbo ni makumi machache tu.

Upungufu wa wasomaji una madhara. Toleo la 9.3, lililotoka Septemba 2013, lilileta njia mpya iliyowawezesha watu kadhaa kuufunga mstari mmoja kwa nguvu tofauti, ili wasizuiane bila sababu. Lilikuwa wazo jema, lakini msimbo wake ulikuwa na kasoro zilizoweza kupoteza habari za watu, na masahihisho yake yaliendelea kutoka hata mwaka 2015. Mbunifu wa jambo jipya hutajwa katika tangazo la toleo. Yule ambaye angeketi wiki tatu akaizuia kasoro isiingie, je, angetajwa wapi? Kasoro iliyozuiwa haina umbo, wala haina sherehe. Hapo ndipo kundi hili, pamoja na uungwana wake wote, lafanana na jamii nzima ya wanadamu: twamshangilia afunguaye daraja, na hatulijui jina la akazaye misumari yake.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Mabishano yao ni marefu, yamejaa vifupisho, na mgeni aingiaye katikati huhisi kama mtu aliyefika barazani hadithi ikiwa imekwisha nusu. Lakini ndani ya msimbo wenyewe hali ni nyingine. Humo wameacha maelezo yaliyoandikwa kwa utulivu, yanayosema jambo hufanywaje na kwa nini halikufanywa vingine. Sehemu ya faharasa, kwa mfano, yaeleza jinsi mbinu ya Lehman na Yao, iliyochapishwa mwaka 1981, ilivyotumiwa, na mahali ambapo wajenzi waliiacha kwa sababu maalumu. Hayo ni maandishi mazuri. Mwandishi wake hajionyeshi kwa msomaji. Amfikiria mtu asiyemjua, atakayekuja baada ya miaka kumi, akiwa na taa ndogo na haraka nyingi. Laiti mabishano yao yote yangeandikwa kwa moyo huo.

Nimekuletea habari hizi, msomaji, si kwa kutaka kila kijana awe mjenzi wa hifadhidata. Katika shule zetu twafundishwa kuanza mambo: kuanzisha chama, kupanda miti, kufungua maktaba. Ni wachache wanaofundishwa kuyatunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mtu haoni ufa mpaka amejizoeza kuutazama ukuta kila siku. Wajenzi wa PostgreSQL wametuonyesha kwamba kutunza si kazi ya mabaki, ya watu walioshindwa kubuni. Ndiyo kazi inayotaka akili nyingi zaidi, kwa sababu mtunzaji sharti aelewe mawazo ya mwenziwe aliyetangulia na shida ya mwenziwe atakayefuata. Wametuonyesha pia, bila kukusudia, kwamba hata wao huwalipa wasomaji heshima ndogo kuliko waandishi.

Basi mwenzako akikupa kazi yake uisome, iwe insha, hesabu au katiba ya chama, usiipokee kama anayefanyiwa usumbufu. Isome mpaka uione kosa ambalo yeye hakuliona, na umwambie kwa adabu. Huenda asikushukuru, na jina lako lisiandikwe popote. Lakini daftari litasema kweli, na wenye mali walioliamini hawatapotelewa na haki yao.