Ufundi wa Kuutuliza Mvumo

Adungu haimalizi kauli yake kidole kinapoondoka uzini. Uzi huendelea kutetemeka, sauti ikififia kidogo kidogo, na anayekijua kinubi hiki cha West Nile, nchini Uganda, hupata utamu wake hapo, katika mkia wa sauti. Mapembe ya agwara hayana udhaifu huo: yakipulizwa, hufunika kila kitu. Mkia wa adungu ni mnyonge, na adui yake ni mvumo mwembamba wa “ssss” ambao spika ndogo za kuchomeka masikioni, hasa zenye usikivu mkali, huuleta hata kabla wimbo haujaanza. Nausifu ufundi wa kuupunguza mvumo huo, kwa kuwa ni kazi ndogo ya mkono iliyobeba fikira kubwa.

Mvumo wenyewe si lazima uwe dalili ya ubovu. Ndani ya kila waya na kila rezista, elektroni hazitulii. Joto huzitikisa, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo mno ambao mashine ikiukuza husikika. John B. Johnson aliupima katika maabara za Bell huko Marekani, Harry Nyquist akaueleza kwa hesabu, na makala zao zikachapishwa mwaka 1928. Amplifaya ya simu nayo huongeza wa kwake. Tuseme unaotoka katika tundu la spika ni sehemu 10 za milioni moja za volti. Spika nzito ya kichwani haiutambui. Lakini spika ya omu 16, inayotoa desibeli 110 kwa miliwati 1, huugeuza kuwa mlio wa desibeli 28 hivi. Mchana mjini Arua, katikati ya bodaboda na mashine za kusaga, huwezi kuusikia. Kabla umeme wa gridi ya taifa haujafika West Nile mwaka 2024, hata usiku palikuwa na ngurumo za jenereta za kutosha kuuficha. Kwenye chumba kilichotulia, desibeli 28 zinaudhi.

Shusha sauti ya simu uone: wimbo unapungua, mvumo unabaki palepale. Katika vifaa vingi huzaliwa baada ya kidhibiti sauti, kwa hiyo kukigeuza hakuugusi. Hapo ndipo mwenye spika kali anapoumia. Ili masikio yasimuume huiweka sauti ya simu yake chini kabisa, na huko chini wimbo na mvumo hukaribia kulingana.

Dawa yake ni kinyume cha silika. Mtu anayezungumza kando ya mashine ya kusaga muhogo hasaidiwi na msikilizaji anayesogea karibu, maana mashine nayo husogea karibu. Atasaidika akipaza sauti, kisha msikilizaji arudi nyuma hatua kadhaa. Mashine na maneno vitapungua pamoja, lakini maneno yatakuwa yameshaipita mashine. Vivyo hivyo, fundi huiacha simu iseme kwa nguvu, kisha hupunguza vyote viwili mlangoni mwa sikio.

Anachohitaji ni rezista mbili kwa kila sikio. Ya omu 22 anaikatiza njiani, kati ya simu na spika. Ya omu 2.2 anaiweka sambamba na spika yenyewe. Rangi zake zinakaribia kufanana: ya kwanza ni nyekundu, nyekundu, nyeusi, ya pili ni nyekundu, nyekundu, dhahabu. Zikikaa sawasawa, spika ya omu 16 hupata kama sehemu moja tu ya kumi na mbili ya umeme uliotoka kwenye simu, yaani pungufu ya desibeli 22 hivi. Mvumo wa desibeli 28 hushuka hadi 6, chini ya utulivu wa chumba chochote cha kawaida. Wimbo tunaurudisha juu kwa kidole, kwenye kidhibiti cha simu. Mvumo haurudi.

Mwenye haraka atauliza: kwa nini isiwe rezista moja, ya omu 75 labda, tukamaliza? Mvumo utapungua, kweli. Lakini spika nyingi kali, hasa zenye vipaza kadhaa ndani ya ganda moja, hazina ukinzani ule ule kwa sauti nene na nyembamba. Ukizibana kwa rezista moja kubwa, sehemu moja ya wimbo huvimba na nyingine hunywea, na sauti ya mwimbaji hubadilika rangi. Ile rezista ndogo ya sambamba ndiyo mlinzi: huifanya spika ione mbele yake kama omu 2 tu, moja ya nane ya ukinzani wake, kiasi ambacho mafundi wa sauti wanakikubali. Kisha fundi mwangalifu hupima kwa mita na kuchagua jozi zinazolingana, ili kushoto na kulia visipishane na sauti ikae katikati ya kichwa. Kupunguza kelele kila mtu anaweza. Kupunguza kelele bila kuujeruhi wimbo kunahitaji fundi.

Tena fundi huyo hupambanua kabla ya kushika pasi ya kulehemu. Mlio ukikoma chaja inapochomolewa, chanzo ni chaja. Ukiwa ndani ya rekodi yenyewe, rezista haitautenganisha na wimbo. Na Koboko, zaidi ya kilomita 50 kutoka Arua, msikilizaji wa Radio Pacis, kituo cha Jimbo Katoliki la Arua kilichoanza mwaka 2004, huenda akasikia mvumo kwa sababu mawimbi yamemfikia yakiwa hafifu. Huyo anyooshe waya wa spika, kwa kuwa ndio antena ya redio ya simu, na abadili kutoka stirio kwenda mono. Sehemu ya stirio hubebwa juu kwenye mawimbi ya FM, mahali penye kelele nyingi zaidi. Ukiiacha, mvumo hupungua papo hapo.

Ukoo wa fikira hii ya kupaza kwanza, kisha kupunguza, ni mkubwa. Vituo vya FM huzipandisha sauti nyembamba kabla ya kurusha, redio ikazishusha pamoja na mvumo ulioingia njiani. Ray Dolby, aliyefungua maabara yake London mwaka 1965, alifanya jambo linalofanana na hilo kwenye utepe wa kurekodia: sauti hafifu zilipandishwa wakati wa kurekodi, zikashushwa wakati wa kusikiliza, na mvumo wa utepe ukashuka nazo. Sheria ni ile ile: mpe msemaji nguvu kabla kelele hazijaingia, kisha punguza.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumwita mmoja mhandisi na mwingine “mtengeneza simu”. Anayelehemu rezista nne kwa ajili ya kijana wa Koboko anayesikiliza ujumbe wa sauti wa mama yake aliye ng'ambo ya mpaka, Yei au Aru, anatumia elimu ya 1928 na ya 1965 kwa mkono wake. Mvumo hula kwanza herufi nyepesi, s na f na sh, na pumzi kati ya neno na neno. Ukipungua, mama husikika alivyo. Na anayerekodi adungu leo kwa simu, aianze kazi hiyo mapema: aisogeze simu karibu na nyuzi, zipate kuushinda mvumo tangu mwanzo. Wimbo uliorekodiwa kwa unyonge hakuna fundi wa Arua wala wa London atakayeukomboa wote.