Sanaa ya Wachache kwa Furaha ya Wengi

Katika sanaa zote ambazo pwani yetu imejaaliwa, kuanzia Pangani mpaka Moa iliyo jirani na mpaka wa Kenya, sioni inayostahiki sifa zaidi, wala iliyosahauliwa zaidi na wasifuji, kuliko ya kikundi kidogo cha taarabu: vijana watano au sita walioketi karibu karibu, kila mmoja na ala yake, wakapatana sauti bila ya kiongozi wa kuwapungia mkono. Kundi kubwa lina haiba yake. Lakini kati ya watu thelathini mpigaji dhaifu huweza kujificha nyuma ya wenziwe, hali kati ya watano kila kosa lina mwenyewe, na kila ustadi nao una mwenyewe.

Mtazame mpigaji wa kanuni. Ala imelala mapajani mwake, nyuzi zake zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na vidole vyake vya shahada vimevikwa pete zilizoshika vipande vidogo vya kudonolea. Na kabla ya neno la kwanza kuimbwa ameshakaa kitambo na ufunguo wake, akikaza uzi huu na kulegeza ule, kwa kuwa uzi mmoja ukihitilafiana na wenziwe wawili, udi na fidla hukosa pa kuegemea. Kisha msikilize mwimbaji akifika mwisho wa mshororo: fidla huipokea sauti yake, huirudia kwa mapambo machache, humrudishia, naye mpiga dumbaki hupunguza mkono ili neno lisipotee. Kijana aliyefunzwa adabu hiyo amefunzwa kumsikiliza mwenziwe kabla ya kutaka kusikilizwa yeye, na hiyo ni tarbia kamili.

Wala ufukara haukuizuia sanaa hii. Wapigaji wa Unguja wa kidumbaki, muziki ulio ndugu wa taarabu, waliokosa ala za thamani, waliridhika na fidla, ngoma mbili ndogo, vijiti vya mkwasa, kayamba za cherewa, na sanduku lenye uzi mmoja uliofungwa kwenye fimbo, ambayo ikivutwa uzi hukaza na sauti hupanda. Na kwa vitu hivyo wakachezesha arusi usiku kucha.

Wala uchache haukuizuia sifa yake kufika mbali. Mwimbaji Siti binti Saad, ambaye mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alimwandikia wasifu, alikwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wapigaji wachache, na santuri zao zikaenea pwani yote. Tanga mjini, katika miaka ya 1960, Black Star Musical Club walitia gitaa la umeme na besi katika taarabu, na kikundi chao kidogo, pamoja na sauti ya Shakila Saidi, kikapata wapenzi mbali na Tanga. Na siku hizi Siti and the Band, kikundi kilichoundwa Zanzibar mwaka 2015 na vijana waliosomea Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinaendeleza kazi ileile kwa kanuni, udi na fidla.

Siri ya kupendwa na marika yote ni ukaribu. Mzee huja kwa ajili ya shairi, maana mafumbo ameyazoea tangu ujana wake. Mama, ubeti ukimgusa, huinuka polepole, noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji. Kijana hufuata mdundo. Na mtoto hukaa mbele kabisa, macho yake hayabanduki kwenye vidole vya mpiga dumbaki. Wapigaji, kwa kuwa ni wachache na hawako mbali, huziona nyuso hizo zote: wakiona wazee wametikisa vichwa kwa ridhaa, huurudia ubeti, wakiona watoto wameanza kusinzia, hukaza mwendo.

Basi nawasihi wazazi wa Moa na wa pwani yetu nzima: mtoto akitamani udi au fidla, msimkemee kwa kudhani kuwa muziki ni uhuni, bali mpelekeni kwa fundi mwenye subira, aketi na wenziwe na ajifunze. Nanyi wenye arusi, kabla ya kukodi spika za kupiga nyimbo zilizorekodiwa, waiteni kwanza vijana wenye ala zao, muwasikilize kwa makini na kuwatunza kwa haki. Sanaa hii haina mlinzi mwingine ila msikilizaji wake.