Utiifu kama Kodi ya Ardhi: Ukabaila katika Kasri ya Mwinyi Fuad

Riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) yake Adam Shafi aghalabu husomwa kama tangazo la ushindi wa Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 dhidi ya ukabaila. Usomaji huo una mashiko, ila unamwacha Kijakazi, mtumishi wa kasri, akiwa fumbo. Kwa nini utiifu wake kwa bwana anayemdhalilisha haukatiki upesi hata Mapinduzi yanapowadia? Ni rahisi kujibu kwamba ana kasumba ya kitumwa, hasa kwa kuwa jina lake linatokana na neno ‘mjakazi’. Jibu hilo halitoshelezi.

Mamlaka ya kabaila wa Unguja yalijengwa juu ya ardhi. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walisalia mashambani kwa ridhaa ya mwenye shamba. Mkaazi aliruhusiwa kupanda muhogo na mazao mengine ya chakula baina ya mikarafuu. Hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa mti ulikuwa ushahidi wa umiliki. Aghalabu hakutozwa fedha. Alilipa kwa kupalilia na kwa kunyenyekea. Ridhaa ilipoondolewa, makao nayo yalitoweka, kama yalivyowafika wakaazi waliofukuzwa mashambani kufuatia uchaguzi wa 1957.

Kwa mintarafu hii, unyenyekevu wa Kijakazi ni kodi anayolipia mahali pa kuishi. Hana hati, hana mti; alicho nacho ni radhi ya Mwinyi. Anayemlaumu kwa kukosa mwamko wa kitabaka anasahau gharama ya mwamko huo kwa mtu asiye na pa kwenda.

Hapa ndipo usawiri wa mhusika unapoipiku itikadi ya mwandishi. Msuko unadai kwamba kuanguka kwa Fuad kunakamilisha ukombozi, ilhali Kijakazi anadhihirisha kuwa mazoea ya kuishi kwa ridhaa ya mwingine hayafi kwa siku moja. Historia inamuunga mkono. Serikali ilitaifisha ardhi mwaka 1964, kisha ikawagawia wakulima eka tatu tatu. Lakini waliogawiwa walipata haki ya kutumia ardhi, umiliki ukabaki kwa dola. Riwaya haiulizi ni nani sasa anayepokea kodi ya utiifu. Hata hivyo, kupitia kwa Kijakazi, inampa msomaji makini sababu ya kuuliza.