Kujenga ni rahisi, kuhamisha ndiyo kazi

Wahitimu wenzangu, sifa za Power Apps tunazijua: vuta kisanduku, weka pale, andika fomula kidogo, programu iko tayari. Sipingi. Mtu aliyesoma uchumi au sheria, asiyejua kodi hata mstari mmoja, anaweza kujenga fomu ya kuomba likizo kwa siku chache, na itatembea vizuri. Lawama yangu iko pengine: tunafundishwa kujenga, hatufundishwi kuhamisha.

Tubaki na hiyo fomu ya likizo. Uliijenga katika mazingira ya majaribio, inaandika kwenye orodha ya SharePoint ya majaribio. Patro anafurahi, anasema tuanze nayo Jumatatu. Unaibeba mpaka mazingira ya kazi, inafunguka, rangi zote ziko sawa. Lakini bado inaandika kule kwa zamani! Wafanyakazi wanaomba likizo wiki mbili, na biro ya wafanyakazi haioni kitu. Hakuna alama nyekundu iliyotokea. Ndiyo kosa baya kuliko yote, lile linalonyamaza.

Dawa ipo, na hapa Microsoft wanastahili sifa. Programu inasafirishwa ndani ya kifurushi kinachoitwa solusheni. Anwani ya orodha haibandikwi ndani ya programu, inawekwa katika kigeu cha mazingira, ili kila mazingira yawe na anwani yake. Miunganisho nayo inapitia marejeo, na unapoingiza kifurushi unaulizwa utumie muunganisho gani. Fikra nzuri kabisa.

Shida ni kwamba fikra hiyo nzuri imejaa mitego. Ukisahau kutoa thamani ya sasa ya kigeu kabla ya kusafirisha, inasafiri nayo, na upande wa pili hautaulizwa kitu. Umerudi palepale. Tena, kifurushi hakibebi safu za data. Kama programu inategemea orodha ya idara iliyo ndani ya jedwali la Dataverse, jedwali litafika tupu. Na usipoweka muunganisho, mitiririko ya Power Automate inaweza kufika ikiwa imezimwa.

Kuna pia vifurushi vya aina mbili: kilicho wazi, cha kujengea, na kilichofungwa, cha kupeleka kwenye kazi. Ukikifuta kilicho wazi, ganda tu ndilo linaondoka, vitu vyote vinabaki. Ukikifuta kilichofungwa, majedwali yaliyoletwa nacho peke yake yanaondoka pamoja na data yake. Kitufe ni kilekile, matokeo ni mbingu na ardhi. Chombo kinachojiita cha kila mtu hakipaswi kuficha tofauti kubwa hivyo nyuma ya neno moja.

Lakini tusiwalaumu wenye chombo peke yao. Sisi pia tuko na tabia ya "ngoja nirekebishe hapahapa". Mtu anaona kosa dogo katika mazingira ya kazi, analigusa moja kwa moja. Rekebisho lile linakaa juu kama tabaka lisilofungwa, na linafunika kila toleo jipya litakalofuata. Mwezi ujao unaleta toleo jipya, mfumo unasema limeingia, lakini kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Utatafuta mpaka usiku, na kosa liko kwenye mkono wa mtu aliyetaka kusaidia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: jina la "kodi chache" ni la kweli kwa kujenga tu. Kuhamisha kunadai nidhamu ileile ya waandishi wa kodi: mazingira matatu tofauti, majaribio yanayofanywa na mtumiaji wa kawaida na si wewe mwenye haki zote, na sheria moja isiyovunjwa, kwamba hakuna anayegusa mazingira ya kazi kwa mkono.

Wengi wetu tunaingia kazini na mkataba wa miezi michache. Tukiondoka, programu inabaki na watu wasiojua ilivyojengwa. Kama haiwezi kuhamishwa bila sisi, hatukuwaachia chombo, tumewaachia deni. Wewe ile yako, mwingine anaweza kuihamisha bila kukupigia simu?