Pampu ya Upepo Ikivuja, Soma Ekzosi Kwanza

Mgodi wa Dikulushi, katika eneo la Pweto nchini Kongo (DRC), uko kilomita 50 hivi kutoka Kilwa. Anvil Mining ilianza kuchimba shaba na fedha hapo mwaka 2002, na mzigo ukavushwa kwa matishari kwenye Ziwa Mweru hadi Nchelenge, Zambia. Anayezijua njia hizo, za ziwani na ile ndefu ya kwenda Lubumbashi ambayo mvua huikatakata, anaelewa kwa nini fundi wa huku hapaswi kufungua pampu kwa kubahatisha. Kipuri kisichokuwemo stoo hakifiki kesho.

Pampu ninayoisema ni ya diaframu mbili, inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa. Jim Wilden aliibuni Marekani mwaka 1955. Haihitaji umeme, inameza tope, na inavumilia kukauka. Diaframu zake mbili zimeungwa kwa shafti moja: upepo ukiisukuma ya kushoto, ya kulia inavuta maji, kisha zinabadilishana. Gololi nne huyazuia maji yasirudi. Upepo uliokwisha kufanya kazi hutokea ekzosi, na ndiyo maana ekzosi ina habari nyingi kuliko mahali penye dimbwi.

Tope likitoka ekzosi, diaframu imetoboka. Hapo hakuna mjadala. Yakitoka maji safi, subiri. Upepo wa kompresa hubeba unyevu, nao hujikusanya ukawa matone. Mwaga maji ya kichujio cha upepo, kisha endesha tena. Kama pampu iko chini ya usawa wa tangi, funga upepo: maji yakiendelea kutona, yanatoka upande wa maji. Na mapovu kwenye bomba la kutolea? Yakiambatana na ekzosi yenye maji, ni diaframu. Ekzosi ikiwa kavu, kagua hozi ya kuvutia na maungio yake, kwa kuwa ufa unaofyonza hewa hauachi tone hata moja nje.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni cha kufunga valvu ya kutolea huku upepo ukiwa mdogo. Pampu isiyo na kasoro husimama. Ikiendelea kupiga polepole, gololi haikai vizuri kwenye kiti chake, au diaframu ina tundu. Ikisimama huku ekzosi inafoka mfululizo, sili za valvu ya upepo zimelika.

Uvujaji wa nje ni rahisi zaidi: maji ya sabuni upande wa upepo, na boliti za manifoldi zikazwe kwa kuvukana. Gasketi za Tefloni hulegea baada ya kubanwa, kwa hiyo kaza tena baada ya saa za mwanzo za kazi. Bodi ya plastiki isikazwe kwa hasira.

Kubadilisha diaframu bila kuuliza kilichoitoboa ni kupoteza fedha. Tazama kama sahani inayobana diaframu katikati iliwekwa kinyume, kama mafuta yameuvimbisha mpira wa asili, ambapo naitrili ingefaa, au kama maji yanaingia upande wa kuvuta kwa shinikizo kubwa. Safisha pia valvu ya upepo, maana tope lililopita tunduni limekwisha kuifikia.

Wakuu wa karakana, wekeni stoo diaframu, gololi, viti na sili kwa seti nzima. Na kabla fundi hajashika spana, upepo ufungwe na shinikizo la pande zote mbili litolewe.