Wekundu Uliopotea

Kitabu kilichonifikia mwezi uliopita ni chapa ya picha za muswada mmoja wa fiqhi wa pwani ya Afrika Mashariki, wenye matini na sharhe. Dibaji yake imeandikwa kwa elimu na faharasa zake ni za kutegemewa. Haya nayatanguliza ili nisije nikadhaniwa nina uhasama. Lakini kitabu kina aibu moja kubwa, nayo ni rangi. Sitamtaja mchapishaji, kwani aibu hii anashirikiana na wengi.

Muswada wenyewe niliwahi kuushika mkononi miaka ishirini na ushei iliyopita. Mnakili aliandika matini kwa wino mwekundu na sharhe kwa mweusi. Hakuweka mabano wala hakuacha nafasi. Mpaka ulikuwa ni rangi tu. Katika chapa hii wekundu umegeuka hudhurungi, na weusi nao umefifia ukaingia katika hudhurungi hiyo hiyo. Kijana mmoja ninayemsaidia katika tasnifu yake alinukuu kauli ya msharihi akaihesabu kuwa ya mtunzi, akajenga juu yake sura nzima. Sikumlaumu. Alisoma alichochapishiwa.

Wazee wetu hawakuichukulia rangi kuwa pambo tu. Abu Amr al-Dani wa Andalusia, aliyefariki mwaka 444 Hijria (1053), alikataa alama za irabu za msahafu kutiwa kwa wino mweusi, ili zisichanganyike na maandishi ya asili. Nyekundu ilikuwa ya irabu na manjano ya hamza. Na misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, inajulikana kwa nyeusi, nyekundu na manjano yake. Anayepoteza rangi hizo amepoteza sehemu ya ushahidi.

Wachapishaji hujitetea kwamba kila jicho huona lake. Jicho ndiyo, lakini kipimo kipo. Mwaka 1976 tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga, CIE, ilipitisha mfumo wa kuipa kila rangi namba tatu: L kwa mwanga na giza, a kwa wekundu na kijani, b kwa manjano na buluu. Chombo kiitwacho spektrofotomita husoma namba hizo, na umbali baina ya rangi mbili huitwa delta E. Kiwango cha ISO 12647-2, kinachohusu uchapaji wa ofseti, hakiruhusu rangi za msingi za mashine kupotoka zaidi ya delta E 5.

Nilipomwandikia mchapishaji, alinijibu kwamba mitambo yake imekaguliwa na imefuata kiwango hicho. Namsadiki. Lakini ukaguzi wa mashine unathibitisha kwamba mashine imelitii faili. Hauthibitishi kwamba faili limeutii muswada. Kosa liliingia mapema, siku ya kupiga picha. Hakuna hata ukurasa mmoja wenye kadi ya rangi pembeni, ile yenye vipande ambavyo namba zake zinajulikana. Bila kadi hiyo, fundi wa kurekebisha picha hubaki kukisia, naye muswada hajauona maishani mwake.

Kwa hivyo tusiyapokee matoleo ya namna hii bila ya masharti matatu. Kadi ipigwe picha pamoja na kurasa. Wino wa muswada wenyewe upimwe mahali kadhaa, namba zake zichapishwe, na karatasi ya majaribio ilinganishwe nao chini ya taa ya Kelvin 5,000, si dirishani wala chini ya globu ya chumbani. Na pale ambapo rangi nne za mashine haziwezi kuufikia wekundu wa asili, dibaji iseme hivyo waziwazi.

Gharama ya kadi ni ndogo ukiilinganisha na ya jalada la ngozi walilolitia. Kijana wangu ameifuta sura yake, na sasa anaianza upya kwa kusafiri kwenda kuuona muswada wenyewe. Safari hiyo ndiyo chapa ilikusudiwa kumwondolea.

Wallahu aalam.